Njia Katikati ya Shamba la Jirani

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Hes. 20:14–21, Hes. 21:4, 5, Kumb. 23:24, 25, Mwa. 26:17–22, Isa. 58, Ebr. 10:19, 20.

Fungu la Kukariri: Isaya 58:12. Kila mshiriki alikariri kutoka katika Biblia yake, na asome pia aya ya 4 ya sura hiyo kabla ya kufika darasani.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kihamba kilichotosha kulisha nyumba moja wakati wa babu kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu. Kila ugawaji huacha swali ambalo mara nyingi haliandikwi popote: yule aliyepewa kipande cha juu atapita wapi kufika barabarani? Babu hakuona haja ya kuuliza. Watu walipita kati ya migomba, wakasalimia, wakaendelea. Lakini ardhi inapouzwa, au kijana anapoanza kujenga ukuta, kijia kilichotumika tangu zamani hugeuka kuwa shauri.

Shauri la namna hii huonekana dogo kwa mtu aliye mbali. Walio ndani yake wanajua kwamba kijia hicho ndicho kinachopitisha maji, majani ya ng'ombe, mtoto anayekwenda shule, mgonjwa anayebebwa usiku, na siku moja jeneza. Wapo washiriki wa kanisa moja, wanaoimba katika kwaya moja, ambao hawajasemezana kwa miaka kwa sababu ya futi nne za udongo. Juma hili somo linauliza Biblia inasema nini kwa anayeomba njia, na inasema nini kwa mwenye shamba.

JUMAPILI
Ombi Lililokataliwa

Soma Hesabu 20:14–21. Musa anaahidi nini katika ombi lake? Edomu anajibuje?

Israeli walikuwa Kadeshi, mpakani mwa nchi ya Edomu. Njia ya kwenda mbele ilipita ndani ya nchi ya watu wengine. Musa hakuingia kwanza akaomba baadaye, alituma wajumbe. Angalia anavyoanza. Anajitambulisha kuwa ndugu, maana Edomu ni uzao wa Esau na Israeli ni uzao wa Yakobo, pacha wake. Kisha anasimulia taabu ya Misri, bila kuona haya kwamba yeye ndiye mwenye shida. Ndipo anaomba kupita.

Masharti anayojiwekea yanastahili kusomwa polepole. Hawatakanyaga mashamba wala mizabibu. Maji ya visima hawatayagusa. Watashika njia kuu ya mfalme mpaka watoke upande wa pili. Edomu alipokataa, Waisraeli waliongeza jambo moja: mifugo ikinywa maji, maji yatalipiwa. Mwanasheria wa leo angeweza kuyachukua maneno hayo na kuyafanya mkataba wa haki ya njia. Mahali pa kupita panajulikana, matumizi yanajulikana, na gharama ina mwenyewe.

Mara nyingi anayeomba njia huzungumza habari za shida yake tu. Mwenye shamba naye ana zake: maharage yaliyokanyagwa, mbuzi aliyekula miche, mkungu wa ndizi uliopotea usiku, pikipiki zilizogeuza kijia cha miguu kuwa barabara ya bodaboda. Musa aliliangalia shamba la Edomu kwa macho ya Edomu kabla hajafungua kinywa.

Hata hivyo jibu lilikuwa upanga. Je, Edomu hakuwa na haki? Nchi ilikuwa yake kweli. Soma Kumbukumbu 2:4–8. Mungu mwenyewe alimpa Esau mlima Seiri, na Israeli hawakuruhusiwa kuchukua hata mahali pa kukanyaga kwa wayo mmoja. Chakula na maji walipaswa kununua kwa fedha. Basi kosa la Edomu halikuwa kudai kisicho chake. Alimjibu ndugu mwenye shida kana kwamba ni mvamizi.

Lakini si kila anayekataa ni Edomu. Nabothi naye alikataa (1 Fal. 21:1–3), na Mungu alikuwa upande wake. Ahabu hakutaka kupita katika shamba la Nabothi, alitaka kulimiliki. Wengi wanaofunga vijia leo wanaogopa jambo hilo hilo, kwamba aliyeruhusiwa kupita mwaka huu atadai mwakani kuwa ni pake. Hofu hiyo haipaswi kubezwa, hasa pale ambapo makubaliano yote yalikuwa ya mdomo na walioyashuhudia wamekwisha kuzikwa.

Ni lini mtu anaweza kuwa na haki kamili ya kisheria juu ya ardhi yake, na bado akawa amemkosea jirani?

JUMATATU
Wakazunguka

Soma Hesabu 21:4, 5. Biblia inataja sababu gani ya watu kuvunjika moyo?

Israeli hawakuwa wanyonge. Muda mfupi baadaye walimshinda Sihoni, mfalme wa Waamori, ambaye alikataa ombi la namna hiyo hiyo kisha akatoka kupigana nao (Hes. 21:21–25). Kwa Edomu hawakuinua mkono. Waligeuka, wakashika njia ndefu.

Wahubiri wengi huishia hapo na kuusifu utii. Kitabu cha Hesabu hakiishii hapo. Haruni alikufa katika mlima Hori, watu wakamwombolezea siku 30, kisha wakaondoka kuelekea Bahari ya Shamu ili kuizunguka nchi ya Edomu. Roho zao zikachoka, na maandiko yanaitaja sababu yenyewe: njia. Kutoka hapo wakaanza kumnung'unikia Mungu na Musa, na nyoka wakaja kambini.

Dhambi ya kunung'unika ilikuwa yao wenyewe, na Mungu hakumdai Edomu kwa ajili yake. Lakini mtu aliyechoka kwa kuzungushwa huwa karibu sana na dhambi. Mwenye kufunga njia huliona geti lake. Haioni nusu saa ya jirani katika korongo wakati wa masika, wala hasikii maneno ambayo jirani huyo atawaambia watoto wake jioni wakiota moto. Watoto hao watakua, na watayakumbuka.

Kwa hiyo ni jambo la kushangaza kwamba Mungu aliwakataza Israeli kumchukia Mwedomi, kwa kuwa ni ndugu (Kumb. 23:7). Maneno hayo Musa aliyanena mwishoni mwa miaka 40 ya jangwani, kwa watu wale wale waliokuwa wameizunguka Edomu kwa miguu yao. Tena katika Kumbukumbu 2:29 anawataja wana wa Esau wakaao Seiri kuwa mfano wa watu waliowatendea Israeli vema safarini. Mzee yule aliukumbuka wema wao, hata kwa watu ambao jina lao lilihusishwa na upanga.

JUMANNE
Konzi Moja, Bila Mundu

Soma Kumbukumbu 23:24, 25, kisha Mathayo 12:1, 2. Sheria hii inamruhusu nani, na inamzuia nani?

Sheria hii inachukulia kwamba watu watapita katika mashamba ya wenzao. Katika nchi ya vilima na mashamba madogo madogo haikuwezekana vinginevyo. Mpitaji aliweza kula zabibu akashiba, lakini asitie chomboni. Aliweza kukwanyua masuke kwa mkono, lakini mundu asiuguse. Mwenye shamba hakuweza kumwita mwenye njaa mwizi kwa sababu ya konzi moja, na mwenye njaa hakuweza kuigeuza njaa yake kuwa mavuno.

Waadventista wamezoea kukifundisha kisa cha wanafunzi katika mashamba ya ngano kwa ajili ya Sabato, na ndivyo inavyopasa, kwa kuwa hilo ndilo lililobishaniwa. Ila yafaa kuona pia kile ambacho hakikubishaniwa. Mafarisayo hawakuwa watu wa kuliachia kosa. Hata hivyo hakuna aliyeuliza, Nani amewaruhusu kupita hapa? Wala, Hizi ngano ni za nani? Sheria ilikuwa imekwisha kujibu karne nyingi kabla. Hata mpanzi wa Mathayo 13 alikuwa na njia shambani mwake, na mbegu zilizoangukia hapo zilikanyagwa (Luka 8:5). Alizipoteza, akaendelea kupanda.

Chini ya sheria hii kuna Mambo ya Walawi 25:23. Nchi ni ya Bwana, na wanaoikalia ni wageni na wapitaji mbele zake. Mwenye hati na asiye na hati, wote wawili wanapita katika shamba la Mwingine.

Fungu hilo ni tamu sana kinywani mwa anayeomba njia, kwa hiyo ni lazima asome pia Kumbukumbu 19:14 na 27:17. Mungu aliyempa mpitaji konzi ya ngano ndiye aliyempa mwenye shamba mpaka usiosogezwa. Aliyeruhusiwa futi nne hana ruhusa ya kuziongeza kila msimu kwa jembe, shubiri moja leo na shubiri moja mwakani, akitumaini kwamba jirani ni mzee na haoni vizuri.

JUMATANO
Kisima cha Tatu

Soma Mwanzo 26:17–22. Isaka alifanya nini kila mara wachungaji wa Gerari walipodai kisima?

Kisima cha kwanza kiliitwa Eseki, ugomvi. Cha pili kiliitwa Sitna, uadui. Isaka alisogea mara mbili, na cha tatu akakiita Rehobothi, kwa kuwa Mungu alikuwa amewafanyia nafasi. Kisa hiki kimewaponya watu wengi, na kimetumiwa vibaya pia. Isaka alikuwa na mahema, watumishi, na bonde zima mbele yake. Mtu mwenye nusu ekari mlimani, ambaye pande tatu ni za watu na upande wa nne ni korongo, hana Rehobothi ya kuhamia. Kumwambia huyo awe kama Isaka ni kumwambia atoe asichokuwa nacho. Afadhali mwito huo apelekewe yule mwenye nafasi ya kusogea.

Basi aende wapi? Kwanza kwa jirani mwenyewe, wakiwa wawili tu (Mt. 18:15). Kisha kwa ndugu wenye hekima, maana Paulo aliwaaibisha Wakorintho kwa kuwa hawakupata hata mmoja wa kuamua kati ya ndugu na ndugu (1 Kor. 6:1–8). Jamii nazo zina mahali pa kupatana. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, na kati yao wanawake wasiopungua 3. Kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize upatanisho na njia za jadi za kumaliza migogoro. Mkristo anayeketi mbele ya wazee wa kijiji ili apatanishwe na mwenzake hajamburuta ndugu yake mahakamani. Na hata mahakama yenyewe haikuwa haramu kwa Paulo alipokuwa hatarini. Alikata rufaa kwa Kaisari (Mdo 25:11).

Neno moja kuhusu kuandika. Wapo wanaodhani kwamba kudai maandishi kwa ndugu wa imani ni kukosa upendo. Ibrahimu alipogombania kisima na watu wa Abimeleki, alitenga wana-kondoo wa kike saba wawe ushuhuda (Mwa. 21:25–31). Aliponunua shamba la Makpela alipima fedha mbele ya watu wote waliokuwapo langoni (Mwa. 23). Upana wa njia, wanaopita, kama pikipiki zinaruhusiwa, nani anafyeka na nani anaziba mashimo: hayo yakiandikwa leo yatawasaidia wajukuu ambao hawatakuwa na mtu wa kumwuliza.

ALHAMISI
Miguu Iliyozunguka

Soma Isaya 58:3–12. Watu waliofunga walikuwa wakifanya nini siku ile ile ya kufunga?

Walifunga saumu, wakagombana, wakapigana ngumi. Mungu anawakataa, kisha anawaeleza saumu anayoitaka, na mwishoni anawapa jina: watu wanaojenga palipobomoka na kurudisha njia. Ni katika aya inayofuata tu ndipo anapozungumza juu ya Sabato. Kanisa linalopenda kunukuu aya ya 13 haliwezi kuiruka ya 12.

Katika kijiji kimoja cha milimani, mzee wa kanisa alinunua kipande cha ardhi kilichokatwa na kijia. Hakuwa mtu mbaya. Misimu mitatu mfululizo maharage yake yalikanyagwa, na bodaboda zikaanza kupita hata usiku. Akajenga ukuta, akaweka geti la chuma na kufuli. Mjane aliyekaa juu yake akabaki na njia ya korongoni. Kila Sabato asubuhi walipeana mikono mlangoni mwa kanisa na kutakiana Sabato njema.

Robo ikaisha, ikafika Sabato ya Meza ya Bwana. Wakati wa kutawadhana miguu, wanawake walikwenda chumbani kwao wakachaguana wawili wawili, na mjane akabaki bila mwenzi. Mke wa yule mzee akachukua beseni na taulo akamwendea, kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki. Alipoinama aliona udongo mwekundu wa korongo ndani ya nyufa za visigino, na kidonda kibichi kwenye kifundo. Mjane alikuwa ameoga na kuvaa nguo zake za Sabato. Lakini asubuhi ile alikuwa amepita kule. Mke wa mzee alishika mguu ule akashindwa kuendelea. Ni mjane aliyesema, "Maliza, dada. Maji yanapoa."

Nyumbani mzee alikasirika. Alisema Meza ya Bwana si baraza la ardhi. Alikaa siku nne bila kulizungumzia jambo hilo. Siku ya tano alikata jani la sale kwenye mpaka wa shamba lake. Wachaga hupanda masale kuonyesha mpaka wa kihamba, na jani la mmea huo huo, likipelekwa kwa aliyekosewa, ni ombi la msamaha. Mzee hakupita getini kwake. Alizunguka kwa njia ya korongo, akaanguka mara moja, akafika juu akiwa na tope magotini.

"Mzee, umepita huko?" mjane akauliza.

"Nimepita, mama."

Wapo washiriki walionong'ona baadaye kwamba mzee wa kanisa hakupaswa kubeba jani la mila. Mjane hakuwa miongoni mwao.

Walikubaliana kijia kipite pembeni, si katikati ya maharage, kikiwa na upana wa futi sita. Mjane alipewa ufunguo, na wanawe wakapanda masale upande wa shamba. Karatasi ilitiwa sahihi mbele ya baraza la kijiji. Jambo la pikipiki halijaisha. Mjukuu wa mjane ni dereva wa bodaboda. Huiacha pikipiki yake chini kwa mtu na kupanda kwa miguu usiku, na hafurahii.

Soma Waebrania 10:19, 20. Mwandishi anasema wenye dhambi wamepewa ujasiri wa kuingia patakatifu kwa njia mpya iliyo hai, na kwamba njia hiyo inapita katika pazia, yaani, mwili wa Kristo. Kama kuna aliyekuwa na haki ya kufunga, ni Yeye. Mpaka ulikuwa wake, na waliokuwa nje hawakuwa na hati yoyote ya kuonyesha. Hakuwatafutia pa kupita katika mali ya mtu mwingine. Alipasuliwa Yeye, wakapita.

Ni nani leo anazunguka kwa sababu yako? Ni lini mara ya mwisho ulipoipita njia anayoipita?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Katika kitabu cha Ellen G. White, Wazee na Manabii, soma sura inayosimulia safari ya kuizunguka Edomu. Isome ukiwa na Hesabu 20 na Kumbukumbu 2 mbele yako.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki wa darasa anasema, "Mimi nimeruhusu watu kupita kwa miaka 10, na sasa wanasema mahakamani kwamba ni haki yao. Wema wangu umekuwa kosa langu." Darasa litamjibu nini kwa haki, bila kumkemea wala kumpa jibu rahisi?

2. Mathayo 5:23, 24 inamtaka mtu aiache sadaka yake madhabahuni kwanza. Katika kanisa lenu, je, imewahi kutokea mtu akaahirisha kushiriki Meza ya Bwana ili kwenda kwa jirani? Kama haijatokea, ni kwa sababu hakuna magomvi, au kwa sababu nyingine?

3. Tazameni kiwanja cha kanisa lenu wenyewe. Kama kina uzio, ni akina nani waliokuwa wakipita hapo kabla haujajengwa? Wanapita wapi sasa, nani katika darasa hili anawafahamu kwa majina, na ni nani atakayekwenda kuwauliza kabla ya Sabato ijayo?